Nyumba ya mama Mufindi: shajara ya kusaka tofali, mchanga na mbao hapa hapa kijijini

28 Aprili 2024

Nyumba ni ya mama, vyumba viwili na sebule na kastoo kadogo, futi 24 kwa 26. Kijiji kipo Mufindi mkoani Iringa, ukitoka Nyololo unapita Igowole kama unaenda Kibao alafu unaingia ndani kwa barabara ya udongo ambayo saivi hata bodaboda anakushusha uisukume nae. Mimi nakaa Iringa mjini, naenda wikiendi mbili kwa mwezi, msimamizi wa saiti ni mjomba.

Bajeti ya boma, yaani msingi na kuta, mpaka bati ni milioni 6. Sharti nililojiwekea ni moja, kinachopatikana kijijini kitoke kijijini, dukani nifuate saruji, nondo, misumari na bati basi. Kila niliyemuuliza kaniambia "kijijini rahisi bwana, vitu vyote vipo".

Leo tumepima tu na kupiga kamba. Vibarua waliotakiwa ni wanne wamekuja wawili, msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, bado haujaisha na kumpata kijana aliye timamu saa nne asubuhi huku ni bahati yako.

9 Juni 2024 – kufyatua tofali

Hesabu ya fundi ni tofali 9,000 mpaka 10,000 tukizijenga kwa kulaza. Jirani anauza za kuchoma shilingi 120 pale kwenye tanuru lake, kubeba mpaka saiti juu yako, ukiweka trekta inafika kama 160. Nikaona nafyatua zangu. Udongo wa kiwanja chenyewe ni mwekundu mzuri, shimo la choo ndo likawa shimo la udongo, maji tunachota kijito cha chini. Vijana watatu, shilingi 40 kwa tofali moja ikiwa imefyatuliwa na kuanikwa.

Siku 16 zimetoka 10,000. Nikapiga picha nikamtumia kila mtu.

Kitu ambacho mama alisema na sikumsikiliza: "Baba, Juni hii tofali zitakaukia wapi?" Nikamwambia mvua si zimeisha mama. Akanyamaza.

30 Juni 2024

Kwa wasiokujua huku: Mafinga mjini kunaweza kuwa kukavu na jua linawaka, ukisogea upande wa mashamba ya chai ni dunia nyingine. Ukungu unashuka jioni hautoki mpaka saa nne au tano asubuhi, na mwezi wa sita na wa saba kuna manyunyu ambayo hayaitwi mvua lakini yanalowesha kama mvua. Mimi nimezaliwa huku, nilijua, ila mtu akishakaa mjini miaka kumi anasahau hata baridi ya kwao.

Tofali zina wiki tatu na ukizishika chini bado baridi mbichi. Tumezifunika kwa nyasi, zikaota ukungu mweupe pembeni. Mjomba anasema tusubiri, fundi wa kuchoma anasema zitamalizikia kukauka ndani ya tanuru. Nimemsikiliza fundi maana nina likizo wiki moja tu.

Kuni: sijakata mti. Huku mashine za kupasulia mbao, zile wanazoita dingdong, zipo kila upande na mabanzi yanabaki marundo. Kenta moja ya mabanzi mpaka saiti 60,000, nimechukua tatu. Hapa nashauri kabisa, kama uko Mufindi au Njombe usihangaike na magogo, ulizia mabanzi, ila chagua yaliyokaa muda. Yangu mawili kati ya hizo trip tatu yalikuwa yamepasuliwa wiki ile ile, yanatoa utomvu.

14 Julai 2024 – tanuru la kwanza, hasara

Hapa nakaa kidogo.

Tulipanga tanuru la midomo mitatu ya kuni, tukasiriba tope nje, tukawasha Jumatatu jioni. Fundi akakoleza moto mkubwa tangu usiku wa kwanza. Juu ukawa unatoka moshi mweupe mzito kama sufuria la maharage, sisi tukashangilia tukidhani ndo moto umepanda. Ule haukuwa moshi, yalikuwa maji. Kama saa saba usiku tukaanza kusikia pah, pah, ndani, kama mahindi ya kukaanga. Mjomba akasema taratibu tu, "mpwa wangu, hizo ni tofali zako zinapasuka."

Tumefungua jana baada ya kupoa siku sita. Mjomba alichukua mbili akazigonganisha, zile za karibu na midomo zikalia *ting'*, kama chuma. Akapanda juu akachukua nyingine mbili, zikalia *kop*, kama magunzi. Akaipasua moja kwa panga: nje nyekundu nzuri kabisa, ndani nyeusi, na katikati kidoa cha udongo kama tulivyouacha kwenye kibao cha kufyatulia.

Nimezihesabu zote mwenyewe:

Zilizoiva 4,300. Nusu nusu, zinalia lakini mlio hauko wazi, 1,900. Mbichi ila nzima 2,400. Zilizopasuka 1,400.

Pesa iliyotumika: kufyatua 400,000, mabanzi 180,000, kupanga na kuchoma 150,000, jumla 730,000. Gawanya kwa 4,300 unapata kama 170 kwa tofali moja. Jirani wa 120 bado ananisalimia kwa heshima, kamwene kamwene, lakini naona kabisa anavyojizuia kucheka.

Njia ya kupima kwa wanaonunua, kwa sababu wengi wanauziwa hizi za nje nyekundu: usiangalie rangi. Gonganisha mbili usikilize. Iangushe moja kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu. Nyingine itumbukize kwenye ndoo ya maji ilale humo, asubuhi kama maji yamekuwa uji na kona zinamomonyoka kwa kidole, hiyo haijaiva hata muuzaji aape. Na usichukue za juu ya rundo, mwambie akutolee za katikati.

10 Agosti 2024 – mawe, kokoto na mchanga

Msingi tumeamua mawe. Shida ya huku juu udongo ni mrefu sana, unachimba futi tano hujakutana na jiwe, mawe yapo kwenye kilima cha ng'ambo. Kuna wazee wawili kazi yao ni hiyo, wanawasha moto juu ya jabali mchana kutwa alafu wanalimwagia maji linapasuka lenyewe, wanamalizia na nyundo. Trekta na tela trip nne, 50,000 kila trip mawe na kubeba humo humo. Hapa sina cha kulalamika.

Kokoto wanagonga kina mama, ndoo ya lita 20 ni 800. Nimechukua ndoo 150. Dokezo dogo, hesabu ndoo ukiwepo na ndoo iwe yako, nilipowaachia vijana wapokee wenyewe ndoo 40 zilikuwa za lita 18 zile za rangi. Kina mama walinielewa wakaongezea.

Sasa mchanga. Bondeni kwetu kuna mchanga, mweupe, laini, unavutia. Kijana mwenye kenta akaniambia 70,000 kwa trip, nikachukua mbili. Fundi aliutazama akachukua konzi akaufinya, alipofungua mkono ukabaki umeshikana kama unga wa dona. Akasema bosi huu ni wa kufukia. Sikuamini. Nikachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikajaza mchanga mpaka nusu, maji mpaka karibu na shingo, chumvi kijiko, nikatikisa nikaiweka dirishani kwa mama. Asubuhi mchanga umekaa chini, juu yake tope la kahawia unene wa vidole viwili vyangu. Hilo tope ndo linaloshikana na saruji badala ya mchanga, ukipiga nalo zege linakuja kupasuka na kuchubuka kwa mkono.

Wengine wanauosha. Tulijaribu, pipa moja lilitumia madumu 14 ya maji ya kubeba kichwani tukaacha.

Na kabla hatujakaa sawa mtendaji wa kijiji akaja. Kumbe shimo analochimba yule kijana lipo hatua chache tu kutoka kwenye kijito, na sheria ya mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mtendaji alikuwa muungwana, akasema wa sasa tumia, ila shimo limefungwa, na ukinunua mchanga tena uliza umechimbwa wapi na udai risiti ya ushuru. Nina aibu kidogo kwa hili, maana kijito hicho hicho ndo mama anachota.

Basi trip mbili zile 140,000 zikawa za kufukia ndani ya msingi. Mchanga wa kweli nimeutoa kwa mwenye kenta mwingine anayeshuka barabara kuu huko, wa mto, unakwaruza mkononi, chupani tope lake ni uzi tu. 150,000 kwa trip, nimechukua nne. Inauma, na hapa ndo nimeona mchanga wenyewe ni hela kidogo, unacholipa ni kilometa.

1 Septemba 2024 – saruji

Msingi umeisha, umepanda mpaka juu ya ardhi futi moja na nusu. Kazi nzuri, sina la kusema.

La kusema ni saruji. Duka la Igowole mfuko 19,500. Mafinga niliipata kwa 17,000 nikaona nimepata, nikanunua 40 kwa mpigo, 680,000, kenta ya kuleta 120,000. Piga hesabu: 20,000 kwa mfuko. Nimezidisha 500 juu ya duka la jirani na nimepoteza siku nzima.

Haijaisha. Tukaipanga kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya zamani, juu ya sakafu ya udongo, imeegemea ukuta. Ukungu wa huku ukaingia. Leo kufungua mifuko ya chini, sita imekuwa mawe, imechukua umbo la mfuko kabisa mpaka mikunjo. Kwa hiyo 800,000 kwa mifuko 34, kama 23,500 kila mmoja, nadhani ndo saruji ghali kuliko zote tarafa nzima.

Marekebisho: sasa tumeweka mabanzi chini, juu yake nailoni, mifuko haigusi ukuta, imefunikwa. Na iliyobaki nanunua Igowole kumi kumi kadri ya kazi. Mwenye duka ananikopesha hadi mwisho wa mwezi pia, hilo Mafinga hakuna.

Kitu kingine, angalia namba kwenye mfuko. 32.5 inatosha kwa kujengea na plasta, ya zege la beam, ule mkanda wa juu ya kuta, tafuta 42.5, na sehemu nyingi za vijijini hiyo haipo mpaka uagize, agiza wiki moja kabla.

29 Septemba 2024 – tanuru la pili

Septemba huku ni mwezi mwingine. Jua, upepo mkavu, tofali inakauka kwa siku kumi mpaka ukiivunja katikati ni rangi moja. Tumefyatua 3,500 nyingine (140,000), tukaziongezea zile 2,400 mbichi za tanuru la kwanza, hizo tukazipanga katikati na chini kunakoiva zaidi.

Safari hii fundi wa kuchoma alikuwa mjomba. Kuni ni mabanzi ya mwaka jana, trip mbili 120,000. Siku ya kwanza yote alikuwa anachochea kamoto kadogo kama ka kuchemsha chai, mimi nahangaika, namwambia mjomba ongeza, ananiangalia tu. Kila baada ya muda anapanda anaweka mkono juu ya tanuru unarudi na maji maji. Ulipoacha kurudi na maji, ilikuwa usiku wa kuamkia siku ya pili, ndo akasema haya sasa. Moto mkubwa usiku mbili, mpaka ukichungulia kwenye mdomo unaona tofali zenyewe zimekuwa rangi ya kaa. Akaziba midomo yote kwa tofali na tope, hakuna kufungua siku saba, mtoto akigusa fimbo.

Kati ya 5,900 zimetoka 5,300 nzima zimeiva. Gharama 340,000 pamoja na ahsante ya waliochoma.

Ukiunganisha matanuru yote, 1,070,000 kwa tofali 9,600 zilizoiva, ni kama 111 kwa moja. Nimemshinda jirani kwa shilingi tisa. Zile nusu nusu 1,900 tumeziweka kuta za ndani za kugawa vyumba, kuanzia kozi (safu ya tofali) ya nne kwenda juu, pasipofika maji.

20 Oktoba 2024 – kuta na mbao

Kuta zimepanda haraka. Kozi tatu za chini na kona tumejenga kwa saruji, zilizobaki kwa udongo wa kiwanja uliokandwa vizuri, nje tutaziba viungo kwa saruji baadae. Jukwaa ni mirunda ya milingoti ya mjomba na mianzi, bure. Beam imemwagwa, nondo 24 za milimita 10, 18,000 kila moja.

Mbao ndo nilidhani sitakosea, maana Mufindi, msitu wa Sao Hill upo hapo, mbao zinapita mbele ya macho kila siku. Mwezi wa nane nilinunua 2x4 za futi 12 vipande 60 kwenye dingdong ya jirani, paina, 3,500 kila kipande. Mbichi. Nikaziegemeza ukutani juani zikauke haraka.

Zimekauka. 23 zimejikunja kama upinde wa mwindaji, nyingine zimejisokota mguu huu mashariki mguu ule magharibi. Fundi wa kenchi aliinama akatazama ncha za mbao akaniita, "mkuu njoo uone". Ncha ya ubao mmoja nimehesabu duara za mti, zilikuwa pana na zilikuwa saba tu, na kiini cha mti kipo katikati ya ubao. Huo ulikuwa mti wa miaka saba au nane, mtu alikuwa na ada ya shule akaukata. Simlaumu, ila kwenye mbao siku zote tazama ncha: duara zibane, kiini kisiwemo.

Nimenunua 30 nyingine za mti mkubwa kwa 5,000, na hizi tumezipanga kivulini, zimelala, kati ya safu na safu vijiti vya unene mmoja ili upepo upite, juu yake mawe yaliyobaki kwenye msingi. Wiki tatu tu maana mvua zinakuja, fundi alitaka sita. Zilizopinda tumezikata vipande vifupi vya kukaza ndani ya kenchi, hazijatupwa zote. Papi za kupigilia bati, 2x2, vipande 40 kwa 2,000. Mbao za dawa zipo Mafinga ila bei ilinishinda, tumepaka oili chafu mara mbili kila ubao, harufu utadhani gereji.

Na kama unavusha mbao barabara kuu chukua risiti na kibali cha kusafirishia, ile TP, usipite nazo usiku. Mimi zangu zimetoka kijijini kwenda kijijini kwa mkokoteni.

10 Novemba 2024 – bati

Bati 36 za geji 28, 33,000 kila moja, kutoka Mafinga, zimepanda kwa siku mbili. Geji 30, ambayo ni nyembamba zaidi, ilikuwa nafuu ila upepo wa huku nimeuona ulivyofanya kwenye banda la jirani.

Hesabu kwa wanaotaka kunakili: tofali 1,070,000, mchanga 740,000, mawe 200,000, kokoto 120,000, saruji 995,000 (pamoja na mifuko kumi ya Igowole), mbao 440,000, bati 1,188,000, nondo ringi waya na misumari 567,000, oili na nailoni 30,000, mafundi 1,400,000. Jumla 6,750,000, nauli zangu sijaweka. Nimezidi bajeti kwa 750,000.

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha juzi usiku. Nilikuwepo, nikaamka na tochi nikazunguka vyumba vyote, panavuja sehemu moja tu kwenye msumari wa kofia, fundi anarudi Jumanne. Milango na madirisha bado, nimepata seremala Igowole anasema mbao niwe nazo mwenyewe, na safari hii nahesabu duara kabla ya kutoa hela.

Ile mifuko sita ya saruji iliyoganda mjomba alikataa tuitupe. Amechana karatasi, akaipanga mitatu mlangoni mbele na mitatu nyuma, imekuwa ngazi. Asubuhi nimemkuta mama amekaa kwenye ile ya mbele anachambua maharage, mikunjo ya mfuko bado inaonekana. Akasogea kidogo, akasema "kaa baba, kaa kwenye laki na ishirini yako."